Hekima na Lugha Yake: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Elimu ya Juu ya Taifa

Neno "chuo" ni kongwe katika Kiswahili kuliko vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki. Katika lugha ya pwani chuo ni kitabu, na chuo ni mahali apelekwapo mtoto kufundishwa kusoma Kurani. Na mtu aliyebobea katika elimu huitwa mwanachuoni, ijapokuwa hajapata kuingia katika jumba lolote la serikali wala kupewa shahada. Elimu ya mwanachuoni huyo hujulikana na watu. Vitabu vyake ni vya Kiarabu, lakini akaapo barazani au msikitini kusomesha, husoma maneno ya Kiarabu, kisha huyafasiri na kuyaeleza kwa Kiswahili, na mvuvi na mchuuzi waliokaa pembeni huondoka na fungu lao. Chuo cha namna mpya kilipofika Tanganyika kilipewa jina hilo la kale, likaongezewa ukubwa. Yafaa kuulizwa kama kilirithi jina peke yake, au kama pamoja na jina kilirithi wajibu wa kufasiri.

Swali hilo halikuzushwa na wapinzani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lazuka katika nembo yake chenyewe, ambayo ina maneno matatu: "Hekima ni Uhuru". Maneno hayo ni ya Kiswahili, tena ni Kiswahili chema, chepesi kukumbukwa na kizito kufikiriwa. Lakini mwanafunzi apitaye chini ya nembo hiyo kuingia darasani husomeshwa sheria, uchumi, hisabati na uhandisi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hujibu mtihani. Atokapo nje ya mlango, yeye na mwalimu wake huzungumza Kiswahili. Nembo yasema kwa lugha moja na darasa kwa nyingine, na umbali uliopo baina ya mbili hizo ndicho kipimo kinachofaa kwa chuo kiitwacho cha taifa.

Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, yapata majuma sita kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU katika mtaa uitwao Lumumba. Wanafunzi wa kwanza hawakufika ishirini, nao walisoma sheria. Hakikuwa na shahada zake; kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia katika kilima nje ya mji, mahali paitwapo Mlimani hata leo. Na tarehe 1 Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa, kikasimama peke yake kuwa chuo kikuu cha taifa. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkuu wake wa kwanza, na Pius Msekwa Makamu wa Mkuu wa kwanza. Katika miaka tisa, basi, kilibadili mlezi mara mbili na makao mara moja. Lugha ya kufundishia haikubadilishwa.

Majukumu aliyopewa chuo hiki na taifa yaweza kugawanywa katika mafungu matatu: kulipatia taifa wataalamu, kuzaa vyuo vingine, na kuifanya elimu iwe mali ya watu wote. Mawili ya kwanza yalitekelezwa kwa kadiri ambayo mkosoaji mwadilifu hana budi kuikiri. Ni la tatu lililobaki nusu.

Katika fungu la kwanza, nchi iliyopata uhuru ikiwa na wahitimu wachache mno ilijaza mahakama, wizara, hospitali na shule zake za sekondari kwa watu waliosomeshwa Mlimani. Wala kazi hiyo haikupita bila msukosuko. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Tukio hilo liliwafanya viongozi waulize kama chuo kilikuwa kikijenga watumishi wa watu au tabaka la mabwana wapya. Mwaka uliofuata yakatoka Azimio la Arusha na maandishi ya Elimu ya Kujitegemea. Na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana amalizaye sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kupokewa Chuo Kikuu. Kila moja la maazimio hayo lilikusudia kupunguza umbali baina ya msomi na mkulima. Lakini yatazamwapo pamoja, yaonekana kuwa dawa zote zilipakwa mikononi na moyoni: msomi ashike jembe, msomi apende nchi yake. Ulimi haukuguswa. Kijana aliweza kukaa kijijini mwaka mzima akajifunza kulima, kisha akarudi Mlimani kusomea kilimo kwa lugha ambayo wenzake wa kijijini wasingeielewa.

Fungu la pili laweza kuelezwa kwa ufupi. Kitivo cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1969 kilikuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Utabibu wa Muhimbili uliotwaliwa na Chuo Kikuu mwaka 1968 ukawa chuo kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwaka huohuo Ardhi nayo ikajitegemea. Mwaka 2005 vyuo vishiriki vya elimu vilianzishwa Chang'ombe na Mkwawa. Kwa hiyo Mlimani ni mama wa vyuo vingi, na mtoto huchukua lugha ya mamaye. Desturi iliyoanzia katika mtaa wa Lumumba kwa sababu shahada zilitoka London ilipita kwa watoto bila kuulizwa tena sababu yake, hata vyuo ambavyo havikupata kuhusiana na London vikaiona kuwa ndiyo asili ya elimu ya juu.

Fungu la tatu lataka kukaliwa zaidi, kwa kuwa hapa Chuo Kikuu chenyewe kilitoa ushahidi dhidi ya desturi yake. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, baada ya kuhamahama, ilitua Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu. Hiki ndicho kilichokuja kuitwa TUKI, na kwa jina hilo kikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili, ambayo ilithubutu kufanya jambo ambalo vitivo vingine vilisema haliwezekani: ilifundisha somo lake la chuo kikuu kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 2009 idara na taasisi ziliunganishwa zikawa TATAKI.

Ilipoanza, idara hiyo haikuwa na msamiati wa kazi yake. Ushahidi mmoja watosha. Farouk Topan, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufundisha somo hilo Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, alihariri mkusanyo wa makala uliotoka mwaka 1971 kwa jina la Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Jina hilo lastahili kutazamwa. Halisemi "uhakiki", lasema "uchambuzi". Halisemi "fasihi", lasema "maandishi". Maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari huyatumia leo pasipo kufikiri yalikuwa bado hayajakaa mahali pake. Yalikaa kwa kutumiwa. Mwalimu alilihitaji neno asubuhi ile darasani, akalitoa. Mwanafunzi akaliandika katika insha. Mwenzake akalipinga akaleta jingine. Na baada ya miaka kadhaa lililofaa likabaki. Kwa njia hiyo zikapatikana fani na maudhui, dhamira na mhusika, kiima na kiarifu, na isimu nzima pamoja na matawi yake. Euphrase Kezilahabi alipoandika tasnifu ya uzamili mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert, aliiandika kwa Kiswahili, na lugha ikamtosha. Tangu hapo tasnifu za uzamivu pia zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Wala faida haikukaa darasani. Ebrahim Hussein aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969, Kezilahabi aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, na Penina Muhando katika tamthilia zake, wote walikuwa watu wa Mlimani. Vitabu vyao vilisomwa na watu ambao hawakupata kuiona Mlimani, na vikasomeshwa shuleni hata Kenya. Yaweza kusemwa kwa haki kwamba hakuna elimu iliyotoka katika chuo hicho ikawafikia wananchi wengi zaidi ya hiyo. Ilisafiri mbali kwa sababu haikuhitaji mkalimani.

Sasa hoja za upande wa pili hazina budi kusikilizwa, maana si hoja za watu wasioipenda nchi yao. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mfasiri wa Shakespeare kwa Kiswahili na Mkuu wa Chuo Kikuu hata 1985, alikuwa miongoni mwa waliotetea uzito wa Kiingereza shuleni. Hofu yake haikuwa ndogo: aliona kwamba taifa lisilojua lugha ya dunia litajifungia mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua njia ya kutumia Kiswahili katika ngazi zote pamoja na Kiingereza, lakini njia iliyofunguliwa si lazima ipitwe. Watetezi wa desturi hutaja mambo manne: istilahi hazitoshi, vitabu havipo, walimu na wanafunzi wa kigeni watakosa nafasi, na vijana wenyewe pamoja na wazazi wao hukitaka Kiingereza kwa ajili ya kazi.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ni hoja ya tumbo, na mzazi hawezi kulaumiwa kwa kumtafutia mwanawe riziki. Lakini lazima itazamwe vizuri. Mzazi ataka mtoto ajue Kiingereza; na kujua lugha ni jambo moja, kusomeshwa hisabati kwa lugha usiyoijua ni jambo jingine. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha aingiapo sekondari huambiwa abadili lugha siku moja. Wengi hujibu kwa kukariri. Wafikapo Chuo Kikuu, mhadhiri hulalamika kwamba hawawezi kujieleza, naye asema kweli, lakini lawama haimwangukii mwanafunzi peke yake. Lugha ya kigeni iliyofanywa njia ya masomo yote haikufundishwa vizuri kama lugha, na masomo yenyewe hayakueleweka. Aliyetaka viwili amekosa vyote.

Hoja ya istilahi nayo yageuza mkokoteni ukamtangulia punda. Husemwa kwamba maneno yapatikane kwanza, ndipo ufundishaji uanze. Historia ya Idara ya Kiswahili yaonyesha kinyume chake. Na iko historia nyingine inayoonyesha hatari ya kutunga maneno pasipo darasa. Chombo kimoja, kompyuta, kilitungiwa majina ya "ngamizi" na "tarakilishi". Wenye kukitumia kila siku nchini Tanzania walikwisha kukiita kompyuta, na wataalamu wakabaki na mashindano ya majina. Kinyume chake litazamwe neno "kitivo", ambalo asili yake ni ardhi yenye rutuba. Lilipewa maana ya sehemu kuu ya chuo kikuu na likashika, kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa na vitivo na waliolazimika kuvitaja kila asubuhi. Neno "umajumui" ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na kumkabidhi Issa Shivji, mwanasheria, fikira nzito ya kisiasa ilipata jina la Kiswahili kwa kuwa palikuwa na mjadala ulioihitaji. Istilahi ni zao la mazungumzo ya wataalamu. Pasipo mazungumzo, orodha ya istilahi ni ghala lisilo na shamba.

Hapa lakini ukosoaji lazima uwageukie wana Kiswahili wenyewe, maana ni rahisi mno kuwalaumu wahandisi na wanauchumi. Wataalamu wa lugha wa Mlimani walipewa chombo cha taifa zima wakakifanya miliki ya idara moja. Sehemu kubwa ya uchunguzi ulioandikwa kwa Kiswahili wahusu Kiswahili: ngeli zake, vitenzi vyake, lahaja zake, mashairi yake. Ni kazi njema, nayo haikuwa na budi kufanywa. Lakini lugha izungumzayo habari zake yenyewe tu haijawa lugha ya elimu, bado ni mada ya elimu. Mwanahistoria wa Mlimani akitaka kuandika kwa Kiswahili hana uhakika wa kupokewa kwa lugha hiyo, na akiandika, kazi yake yaelekea kuonwa kuwa ni ya kuwasaidia wananchi, si ya kuongeza elimu. Ni lazima ikumbukwe pia kwamba hata majarida ya uchunguzi wa Kiswahili, katika miaka ya 1960, yalijaa makala za Kiingereza juu ya Kiswahili. Wenye lugha walipokuwa wakijadiliana mambo makubwa ya lugha hiyo kwa lugha nyingine, walikuwa wakifundisha, pasipo kukusudia, kwamba mambo makubwa hayana makao katika Kiswahili.

Njia ya kutoka hapo haihitaji kubuniwa upya, maana ipo katika maana ya kwanza ya neno chuo. Wanazuoni wa pwani walikuwa na lugha ya vitabu ambayo haikuwa lugha ya watu. Hawakuitupa, walijifunza Kiarabu kwa bidii, wakakisoma na kukiandika. Lakini hawakukubali kwamba elimu isiweze kuelezwa kwa lugha nyingine. Darsa ilikuwa ya Kiswahili. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alipotaka kuwaamsha watu wake katika miaka ya 1930, aliandika gazeti lililosomwa kwa Kiswahili. Na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, baada ya kazi ya miaka mingi, alikamilisha tafsiri ya Kurani nzima mwaka 1969. Hakuna mtu aliyesema kwamba mashekhe hao walikuwa na elimu haba kwa sababu walieleweka. Mfano huo haulingani na Chuo Kikuu katika kila jambo, kwa kuwa fizikia si fikihi na maarifa ya sayansi hubadilika kila mwaka. Lakini mpango wake wafaa: vitabu visomwe kwa lugha viliyoandikwa, Kiingereza kifundishwe na walimu hodari kama somo la lazima, na maelezo, maswali na mabishano ya darasani yafanywe kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi hufikiri kwayo. Mgeni ajaye kufundisha au kusoma atahitaji msaada, kama ahitajivyo msaada Mtanzania aendaye kusoma Ujerumani.

Wala si lazima vitivo vyote viondoke siku moja. Kipo kimoja ambacho taifa limekwisha kukiita. Kwa miaka mingi mahakama za mwanzo za Tanzania zilisikiliza mashauri kwa Kiswahili, lakini katika mahakama za juu yake kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema neno lake kwa Kiswahili. Hakimu alilisikia kwa Kiswahili, akaliandika kwa Kiingereza. Na mtu aliyefungwa aliweza kupewa nakala ya hukumu ya kifungo chake asiweze kuisoma. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu haki itakapokihitaji. Badiliko hilo ni kubwa, nalo lawaweka wahadhiri wa sheria katika hali ya ajabu: wawafundisha kwa Kiingereza vijana watakaokwenda kutetea, kushtaki na kuhukumu kwa Kiswahili. Kijana huyo atajifunza istilahi za kazi yake katika korido za mahakama, kwa kubahatisha, na atakayelipa gharama ya kubahatisha huko ni mshtakiwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi wa sheria mwaka 1961, na miaka 60 baadaye ni sheria iliyokitangulia kufika kwenye lugha ya taifa. Hapo ndipo chaweza kuanza tena pasipo kungoja azimio jipya. Wana Kiswahili wa Mlimani wajua jinsi msamiati unavyozaliwa darasani, kwa kuwa walipata kuuzaa wao. Na wanasheria wa kilima hichohicho wana mahakama zinazowangoja. Wakikaa pamoja katika chumba kimoja, kwa muhula mmoja, kufundisha somo moja la ushahidi au la mikataba kwa Kiswahili, watakuwa wamefanya kwa ajili ya elimu ya juu ya nchi jambo ambalo tume na sera hazikuweza kulifanya. Wasipofanya hivyo, maneno matatu ya nembo yataendelea kusomwa mlangoni na kuachwa hapohapo.